Sifa ya kujua kunywa

Jirani yetu aligongwa na bodaboda Jumamosi jioni, mguu ukavunjika chini ya goti. Jumapili tulimkuta wodini anawatania wauguzi na kuusema vibaya uji wa hospitali. Jumatatu asubuhi mikono ikaanza kumtetemeka, jasho likamtoka ilhali feni inazunguka juu ya kitanda chake. Usiku wa kuamkia Jumanne ndipo mambo yalipoharibika. Akawa anakung'uta shuka kufukuza sisimizi ambao sisi wengine hatukuwaona, anamwita baba yake aliyefariki miaka mingi nyuma, anataka kushuka kitandani na mguu wake uliofungwa plasta. Kufika alfajiri ukoo ulishagawanyika. Upande mmoja ulitaka mchungaji aitwe. Upande wa pili ulisema ajali ile haikuwa ya bure, kuna mkono wa mtu.

Daktari wa zamu, kijana ambaye macho yake yalionyesha hajalala, aliuliza swali moja tu. Alikuwa anakunywa kiasi gani, na mara ya mwisho ilikuwa lini?

"Kidogo tu, dokta," mkewe akajibu.

"Anakunywa kistaarabu," kaka mtu akadakia.

Na mimi, bila nia ya kudanganya, nikaongeza: "Huyu bwana anajua kunywa."

Yule daktari hakubishana nasi. Aliandika dawa, akamwita muuguzi, akaondoka. Ila hilo jibu langu halijanitoka kichwani tangu siku ile, kwa sababu nadhani ndani yake ndimo tunamojificha wengi.

Kiswahili chetu cha mtaani kina watu wa aina mbili, mnywaji na mlevi. Mlevi tunamjua: amelala mtaroni, ameuza mabati ya nyumba, anatukana wakwe, watoto wanamfuata nyuma wakimwimbia. Asiyefikia hapo ni mnywaji, na mnywaji hana tatizo. Katikati hatujaweka mtu. Tukitaka kumsifu mnywaji tunasema anajua kunywa, yaani anaweza kumaliza chupa sita, akalipa bili yake, akaendesha gari hadi nyumbani na kesho yake akawa wa kwanza kufika kazini. Tunapima pombe kwa miguu. Asiyeyumba yuko salama.

Mwili haupimi hivyo. Ubongo una breki na una mafuta, kama gari. Pombe hukanyaga breki, ndiyo maana chupa ya kwanza huleta utulivu na ya nne huleta ulimi mzito. Lakini ubongo unaokanyagiwa breki kila jioni, mwaka hadi mwaka, haukai kimya. Hulegeza breki zake wenyewe na kuongeza mafuta, ili mwenye mwili aweze kutembea, kuongea na kufanya kazi akiwa na pombe kichwani. Ini nalo huongeza kasi ya kuivunja. Matokeo yake ni huyo shujaa wetu ambaye chupa sita hazimwonekani. Kutokulewa kwake ndiyo dalili yenyewe: mwili umejipanga upya kuizunguka pombe. Siku pombe inapokosekana ghafla, breki haipo, mafuta yamekanyagwa hadi mwisho.

Jirani yetu alikuwa hapo. Hakurogwa. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku akikatishwa, mikono hutetemeka ndani ya siku ya kwanza, degedege linaweza kumpata ndani ya siku mbili, na kuchanganyikiwa kwa kuona vitu visivyokuwepo huja mara nyingi siku ya pili au ya tatu. Wengine hufa. Ni hali inayotibika kwa dawa za kutuliza ubongo kama diazepamu, maji ya kutosha na vitamini B1, ambayo wanywaji wengi huwa wameishiwa. Lakini kwanza aliye zamu ajue anatibu nini, na ndugu walioko pembeni ya kitanda wanamwambia "kidogo tu".

Vijana wa unga, yaani heroini, wana neno la hali hiyo: arosto. Sisi wa bia hatuna, kwa kuwa hatuamini kwamba inatuhusu. Tuna nusu yake tu, nalo ni kuzimua. Asubuhi kichwa kizito, unapita kwa mama wa supu, bakuli la makongoro, limau, pilipili, na bia moja ya kuzimua. Kenya wanasema kutoa lock. Tunalitamka neno hili tukicheka, na sidhani kama lipo neno jingine la baa lenye habari nyingi za kitabibu kuliko hili. Aliyelewa jana kwa bahati mbaya, harusini labda, akiamka hataki hata kusikia harufu ya bia. Yule ambaye bia ya asubuhi inamtuliza mikono, inamkausha jasho na kumrudishia hamu ya kula, huyo hazimui uchovu wa jana. Anajitibu arosto. Na ikifika mara kadhaa kwa wiki, hakuna haja ya kubishana kama ni mnywaji au mlevi.

Tuhesabu kidogo, maana hesabu ndiyo tunayoikimbia zaidi. Chupa ya kawaida ya bia yetu ni nusu lita, kwa wastani asilimia 5. Humo mna mililita 25 za kilevi chenyewe, sawa na gramu 20 hivi. Shirika la Afya Duniani, WHO, linapohesabu "kinywaji kimoja" huwa linamaanisha gramu 10. Kwa hiyo bia yetu moja ni vinywaji viwili. Tatu ni sita. Kichupa cha mililita 200 cha pombe kali ya asilimia 35, kile kinachoingia vizuri kwenye mfuko wa shati, kina gramu 56, karibu bia tatu. Tukirudi kwa shujaa wetu wa chupa sita: gramu 120. Ini la mtu mzima huondoa kama gramu 8 hadi 10 kwa saa, halina haraka, na halisikilizi supu wala kahawa wala kuoga maji ya baridi. Aliyeanza saa kumi na mbili jioni na kumaliza ya sita saa tano usiku atakuwa bado na pombe mwilini hadi kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi. Kama anaanza tena jioni hiyo hiyo, nusu ya siku tu ndiyo ini lake linapata kupumua.

Hayo ni ya chupa yenye lebo. Kata ya mbege, pombe ya ndizi na ulezi, haina namba. Mbege ya leo si mbege ya kesho kwa kuwa inaendelea kuchachuka, ulanzi, utomvu wa mianzi, wa asubuhi ni karibu juisi na wa jioni ni pombe kamili, na gongo ni siri ya aliyeipika. Mtu anayesema "mimi nakunywa za kienyeji tu" hajasema kitu chochote ambacho daktari anaweza kukitumia.

Kuna maswali kumi ya kupima unywaji ambayo WHO iliyaandaa tangu miaka ya 1980, yanajulikana kwa jina la AUDIT. Huwa nakutana na hoja kwamba hivi ni vipimo vya Wazungu, kwao mtu hunywa glasi moja ya mvinyo akalala. Hoja hiyo haina miguu. Nchi sita zilitumika kuyajaribu maswali hayo yalipokuwa yanatengenezwa, na Kenya ilikuwa mojawapo. Hapa kwetu yamewekwa kwa Kiswahili na kupimwa kwa wagonjwa wa majeraha katika hospitali ya KCMC, Moshi, na si ajabu kwamba kazi hiyo ilifanyika mkoa wa Kilimanjaro, ambako mbege ipo kwenye posa, kwenye msiba na kwenye usuluhishi wa mpaka wa shamba. Maswali matatu ya mwanzo ni ya kiasi: mara ngapi, ngapi kwa siku, na mara ngapi unafikisha vinywaji sita kwa mkao mmoja. Kumbuka sita hizo ni bia zetu tatu. Yanayofuata hayagusi kiasi kabisa. Umewahi kushindwa kuacha ukishaanza? Umeshindwa kufanya ulichotarajiwa kufanya? Umehitaji ya asubuhi? Umejuta? Umesahau yaliyotokea usiku? Kuna aliyeumia, wewe au mwingine? Kuna ndugu, rafiki au mganga wa afya aliyekushauri upunguze? Alama ni kuanzia 0 hadi 40. Kuanzia 8 ni onyo, na kuanzia 20 mtu anatakiwa achunguzwe kama pombe imeshamfanya mtumwa.

Orodha ya magonjwa ya WHO, toleo la 11 lililoanza kutumika mwaka 2022, nayo inatazama mambo matatu: kushindwa kudhibiti unywaji, pombe kupanda juu ya mambo mengine maishani, na mwili kuizoea hadi kuidai. Mawili yakiwepo kwa kujirudia, ni ugonjwa. Humo hamna swali la kuyumba. Hamna swali kama una kazi, kama watoto wako wanasoma shule nzuri, au kama unalipa madeni kwa wakati.

Hili la pombe kupanda juu ya mengine ndilo gumu zaidi kuliona ukiwa ndani yake, maana halitangazwi. Unaanza kukataa safari ya jioni kwa kuwa kule kijijini hakuna baa. Unamwahi mhudumu kabla ya kuwasabahi wenzako. Kikao cha harusi unakiuliza kwanza kinafanyikia wapi. Unajua grosari ipi inafungua mapema Jumapili na umekariri ratiba ya misa ipi inaisha mapema. Mke anaacha kukuuliza utarudi saa ngapi, na wewe unaona amani imerudi nyumbani.

Mwili nao hutoa taarifa, ila kwa lugha ambayo tumeizoea kuipa majina mengine. Presha inayogoma kushuka na kidonge kinaongezwa cha pili, kisha cha tatu. Usingizi unaokuja haraka na kukatika saa tisa usiku, moyo unadunda. Ganzi na moto kwenye nyayo, ambao tunausingizia viatu au kukaa sana kwenye gari. Kiungulia na kichefuchefu cha asubuhi, tunaviita vidonda vya tumbo. Ini lenyewe halilalamiki mapema, na hapa ndipo watu wanapodanganyika sana. Linaweza kujaa mafuta mtu akijiona mzima kabisa, na katika hatua hiyo likipumzishwa wiki kadhaa mara nyingi hurudi katika hali yake. Likishaanza kunyauka na kujaa makovu, halirudi. Macho yakiwa ya njano na tumbo likijaa maji, tunakuwa tumechelewa sana, na hata hapo bado tutasikia mtu akisema marehemu hakuwa mlevi.

Nitaje na saratani, japo najua msomaji wa makala kama hii hapo ndipo hugeuza ukurasa. Pombe inahusika na saratani za mdomo, koo, umio, ini, utumbo mpana na ya matiti kwa wanawake. Ukanda wetu wa Afrika Mashariki tayari ni miongoni mwa maeneo yenye saratani nyingi ya umio, na sababu zake ni zaidi ya moja, lakini pombe haisaidii. Mwaka 2023 WHO ilitamka wazi kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kuitwa salama. Sina ugomvi na sayansi hiyo. Nina wasiwasi tu na namna tunavyoitumia. Mtu wa chupa saba akiambiwa "salama ni sifuri" anasikia mahubiri, anaziba masikio, anarudi kwenye saba zake. Mwambie kutoka saba hadi mbili ni ini jingine kabisa, huenda akakaa akusikilize. KCMC, kwenye idara yao ya dharura, walitengeneza mpango wa mazungumzo mafupi ya muuguzi na mgonjwa aliyeletwa na jeraha, wakaupa jina la Punguza Pombe kwa Afya Yako. Punguza. Naona waliochagua neno hilo walijua wanaongea na watu gani.

Sera zetu kwa upande mwingine zimeelekea kwa yule wa mtaroni. Machi 2017 Tanzania ilipiga marufuku viroba, ile pombe kali ya vifuko vya plastiki, na ilikuwa sahihi, vijana walikuwa wanamaliza maisha kwa bei ya pipi. Kenya ilitunga ile sheria ya mwaka 2010 inayoitwa hadi leo kwa jina la mbunge aliyeipigania, Mututho, ikabana saa za baa. Kila wanakijiji wanapokufa kwa pombe yenye methanoli, viongozi hupanda magari na kamera hufuata. Lakini mhasibu wa chupa sita za bia halali, iliyolipiwa ushuru, iliyonywewa ndani ya saa halali, hayumo kwenye mjadala. Pengine kwa sababu wanaoendesha mjadala wamekaa naye meza moja.

Wanawake nao wamefichwa na pazia jingine. Mwanaume hunywa hadharani, kwa hiyo angalau chupa tupu zinaonekana mezani. Mwanamke wa mjini mwenye chupa yake ya mvinyo nyuma ya debe la unga haonekani na yeyote, na mama apikaye pombe ya kuuza huionja tangu asubuhi na tunaiita kazi. Kiasi kile kile humpata mwanamke kwa nguvu zaidi kwa kuwa mwili wake una maji machache, na ini lake huumia mapema. Pwani na visiwani, ambako kunywa kwenyewe ni haramu na aibu, mtu hawezi hata kuuliza "nimezidisha?" kwa sababu swali hilo ni kukiri.

Sasa kuna utetezi mmoja naupenda, maana una akili ndani yake. "Mimi Kwaresima sigusi. Siku arobaini. Ningekuwa mgonjwa ningeweza?" Wanaosema hivi wengi wanasema kweli. Nami huwauliza mawili tu. La kwanza, siku tatu za mwanzo zilikuwaje: ulilala, mikono ilitulia, ulikuwa na hasira na nani? La pili, Pasaka ilikuwaje? Aliyeacha siku arobaini halafu akarudi kwenye mbili tofauti na sita za zamani, huyo ana usukani. Aliyekuwa akihesabu siku kama mfungwa, na Jumapili ya Pasaka akafidia deni lote kabla ya jua kuzama, amejithibitishia kitu, ila si kile alichokusudia.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo makanisa yetu ya uponyaji na wake wenye uchungu hawalisikii mara nyingi. Anayekunywa sana kila siku, hasa anayetetemeka asubuhi au aliyewahi kupata degedege alipoacha, asiapishwe kuacha leo usiku. Asifungiwe chumbani. Nia ni njema lakini ndiyo njia iliyomfanya jirani yetu aone sisimizi, tofauti ni kwamba yeye alifungiwa na mguu. Mtu wa namna hiyo aende kwanza hospitali, aseme idadi kamili, aachishwe kwa dawa na uangalizi. Maombi yanaweza kuendelea pembeni ya kitanda, hayazuiwi.

Tatizo ni hiyo idadi kamili. Nilipoombwa nilete nyaraka za jirani, mkewe alinipa daftari lake la kliniki ya presha. Miaka minne, miandiko tofauti tofauti, dawa zimebadilishwa mara mbili na kuongezwa mara moja. Kwenye kila ziara palipoulizwa kilevi pameandikwa neno lile lile: kijamii. Wala simlaumu aliyeandika. Ana foleni ya watu benchi zima, na mbele yake yuko baba mwenye shati lililopigwa pasi.

Wiki ile ile mama huyo alinituma tena, safari hii kulipa deni la mumewe pale grosari, asije akasemwa. Dada wa kaunta akatoa daftari jingine, la kurasa za mistari, jalada limelowa na kukauka. Nalo lilikuwa na tarehe. J3 bia 5. J4 bia 6. Alhamisi bia 6. J2 bia 8. Na karibu kila siku, mwanzoni mwa mstari, kabla ya bia yoyote: ndogo 1, asb. Kile kichupa cha mfuko wa shati. Mstari wa mwisho ulikuwa wa Jumamosi ya ajali.

Nikamuuliza yule dada kama ana hakika hii ya asubuhi ni ya jirani yangu, maana nyumbani hakuna anayeijua.

"Ni yake," akasema huku akitafuta chenji. "Ila ile wala si ya kunywa, kaka. Ile ni dawa yake ya mikono."